Umepandisha kasi ya RAM na kompyuta inasumbua: anzia hapa

Kwanza tuelewane kuhusu ile namba iliyoandikwa kwenye boksi la RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Boksi likisema DDR4-3600 (DDR4 ni kizazi cha RAM, na DDR5 ndicho kilichofuata), maana yake kiwanda kimezijaribu stiki zile na zikaibeba kasi hiyo. Hakikuijaribu prosesa yako, wala bodi yako, wala chumba chako cha Maweni hapa Malindi chenye dirisha moja mwezi wa Machi. Kasi ya kawaida ya DDR4, ile inayowaka bila kuguswa kitu, huwa kati ya 2133 na 3200. Kwa DDR5 mara nyingi utakuta 4800 au 5600. Kinachozidi hapo unakipata kwa kuwasha wasifu ulioandikwa ndani ya stiki yenyewe: XMP kwa upande wa Intel, na EXPO kwa AMD tangu 2022. Ukishauwasha umepandisha kasi, hata kama hukugusa namba nyingine yoyote ndani ya BIOS, ile programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows.

Baadhi ya kompyuta za mezani zinazopelekwa kwa mafundi hapa Malindi kwamba zimekufa hazijafa. RAM yake imesukumwa kupita uwezo wa kitu kingine kilichomo ndani. Hizo ni rahisi, kwa sababu zimekataa waziwazi. Zinazonitia hofu ni zile zinazowaka vizuri, zinacheza gemu vizuri, na huku zinaharibu faili kimyakimya. Hizo nitazieleza kwa kirefu zaidi.

Kabla hujagusa chochote, nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje na uichomoe. Kisha ingia BIOS, piga picha kwa simu kila ukurasa unaohusu RAM. Picha hizo zitakufaa sana usiku wa manane ukiwa umesahau volteji ilikuwa ngapi.

Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kama ni DDR5, subiri kwanza. Kompyuta yenye prosesa ya AMD ya Ryzen 7000 na kuendelea, ukibadilisha kasi au stiki, bodi yake hukaa ikiipima RAM upya kabla ya kutoa picha. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na stiki zikiwa kubwa inachukua zaidi. Wengi huzima katikati, wakawasha, wakazima tena, na kila mara kipimo kinaanza mwanzo. Iache robo saa.

Robo saa ikipita, tazama taa ndogo kwenye bodi. Bodi nyingi za sasa zina taa nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa ya DRAM ikibaki inawaka, bodi imeshindwa kuelewana na RAM. Bodi nzuri hujaribu mara chache, kisha hurudi yenyewe kwenye kasi ya kawaida na kukuambia kwamba ovakloki, yaani kule kupandisha kasi, imeshindikana. Isiporudi, irudishe wewe: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki itoke, kisha gusanisha zile pini mbili za kufutia CMOS (hifadhi ndogo ya mipangilio ya BIOS) kwa ncha ya bisibisi, sekunde kama kumi. Usipoziona pini, toa betri ya duara, CR2032, uiache nje dakika tano.

Ikiwaka baada ya hapo, hakuna kilichoungua. Sasa tazama stiki zimekaa wapi. Ukiwa na stiki mbili kwenye bodi ya sloti nne, mahali pake karibu kila bodi ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zile za A2 na B2. Ukiziweka kwenye ya kwanza na ya tatu, kompyuta inaweza kuwaka vizuri kabisa kwa 2133 halafu ikakataa 3600, nawe ukadhani RAM ni mbovu.

Kisha zichomoe uzitazame kwenye mwanga. Huku kwetu hewa ina chumvi. Anayeishi karibu na ufuo wa Shela, au upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, anajua bawaba za mlango zinavyoliwa, na meno ya dhahabu ya stiki ya RAM nayo hayasalimiki. Utaona wingu la kahawia juu ya meno mawili matatu, au nukta ya kijani pembeni kabisa, ndogo kuliko kichwa cha pini. Nukta hiyo haiizuii RAM kufanya kazi kwa kasi ya chini. Kwa kasi ya juu ishara inakuwa nyembamba, na mguso mchafu unatosha kuivuruga. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba RAM yake ni nzima, na kweli ni nzima, lakini XMP haishiki.

Mafundi wengi hukwangua meno hayo kwa raba ya penseli. Mimi nakataza. Tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno, na ukiliondoa umeifungulia chumvi njia ya kufika kwenye shaba. Tafuta alkoholi ya isopropili, ile mafundi wa simu wanayooshea bodi, ulowanishe kitambaa kisichotoa nyuzi, ufute kwenda upande mmoja, uache ikauke. Sloti isafishe kwa hewa ya kopo au ya pampu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaongeza ulichokuwa unakitoa.

Nimewasha XMP lakini kasi haijapanda

Huenda imepanda na unasoma nusu. DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo RAM ya 3200 inaonekana kwenye programu ya CPU-Z kama 1600 hivi. Hiyo iko sawa.

Kama kweli imebaki chini, chanzo mara nyingi ni bodi. Za Intel zenye chipu ya H410, B460, H510 au H610 hazipandishi RAM kupita kasi rasmi ya prosesa. B560 ya mwaka 2021 ndiyo ya kwanza katika daraja la B la Intel kuruhusu. Core i5-10400 kwenye bodi ya B460 itakwama 2666 hata ukiipa RAM ya 3600. Na zile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP zilizotumika Ulaya, ambazo ndizo zimejaa maofisini na kwenye saiba zetu, karibu zote BIOS yake haina sehemu ya XMP kabisa. Usitupe pesa kwenye RAM ya kasi kwa mashine hizo. Ukiongeza stiki ya pili ya kawaida ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili, utaona tofauti kubwa kuliko yoyote ambayo XMP ingekupa.

Kila stima ikipotea, XMP inazimika

Tazama tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, na kivinjari kinalalamika kwamba tovuti si salama, betri ya CR2032 imekwisha. Inapaswa kutoa volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 hivi, ibadilishe. Haihusiani na RAM hata kidogo, lakini watu hununua RAM mpya kwa ajili yake.

Skrini ya bluu, kila siku na jina jipya

Jina la kosa lililoandikwa kwenye skrini ndilo la kutazama. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA: hiyo ni RAM, au kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa. Likijirudia jina lilelile pamoja na faili moja ya dereva (programu inayoendesha kifaa), shughulikia dereva kwanza.

Zima XMP, utumie kompyuta siku mbili tatu kama kawaida. Bluu ikitoweka, umeshajua ni kasi. Sasa usirukie kuongeza volteji kama watu wanavyopenda kufanya. Punguza kasi hatua kwa hatua, kutoka 3600 hadi 3466, kisha 3400, kisha 3200, bila kugusa taimingi (zile namba za kusubiri, kama CL). Wateja hukasirika hapa kwa sababu walilipia 3600. Lakini hebu piga hesabu: muda wa kusubiri ni CL mara 2000, gawanya kwa kasi. 3600 yenye CL18 ni nanosekunde 10. 3200 ikibaki na CL18 ni nanosekunde 11.25, na ikishatulia ukaishusha CL hadi 16 inarudi nanosekunde 10 vilevile. Unachopoteza ni upana wa njia kidogo tu, na katika gemu nyingi hutaona kwa macho.

Ukitaka kuipigania hiyo 3600, basi jua unapigania nini. Kwa Ryzen 5000, kuna mfumo wa ndani unaounganisha sehemu za prosesa, BIOS huuita FCLK, na unatakiwa uende sambamba na RAM: 1800 kwa RAM ya 3600. Prosesa nyingi zinaufikia 1800. 1900 na zaidi ni bahati ya chipu uliyopewa. Bodi ikiwa imeacha FCLK kwenye otomatiki na ikaiweka vibaya, iandike 1800 mwenyewe. Volteji ya RAM ya DDR4 kwenye XMP huwa 1.35, ongeza kwa 0.01 au 0.02, ujaribu, na mimi sipiti 1.40 kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi. Volteji ya SoC, ile sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, kwa AM4 (soketi ya Ryzen 5000), 1.1 inatosha kwa wengi. Kwa AM5 (soketi ya Ryzen 7000) tahadhari zaidi: mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua kwa sababu volteji hiyo ilipandishwa mno, na AMD ikaweka kikomo cha 1.3. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe kabla ya kuwasha EXPO, si baada. Na usiisasishe siku stima inapochezacheza.

Kompyuta haina shida yoyote, ila faili zinaharibika

Alikuja kijana anayehariri video za harusi. "Fundi, diski yanifia hii," akaniambia. Video alizozitoa mwenyewe zinafunguka, lakini dakika fulani picha inakatika vipande vya kijani, kisha inaendelea. Faili za zipu zinasema zimeharibika, ukizipakua tena zinafunguka. Diski niliipima, ni salama. Kompyuta yake haikuwahi kutoa skrini ya bluu hata mara moja. RAM ilikuwa kwenye XMP.

Kila kitu unachokinakili hupita ndani ya RAM kwanza. Biti moja ikigeuka humo njiani, sifuri ikawa moja, diski itaiandika hiyo moja kwa uaminifu wote na kukuhifadhia kosa milele. Windows haina namna ya kujua. Kama biti hiyo ilikuwa kwenye amri ya mfumo, utaona bluu na utashtuka. Kama ilikuwa ndani ya picha ya bibi harusi, hakuna atakayeshtuka mpaka siku familia inakaa kuangalia. Wala usidanganywe na maelezo kwamba DDR5 inajirekebisha makosa: marekebisho hayo yanafanyika ndani ya chipu tu. Kosa linalotokea kati ya stiki na prosesa, ambako kasi ya juu ndiko inakoumiza, hayalioni.

Kipimo cha haraka ni hiki. Chukua faili moja kubwa kuliko RAM yako, kwa mfano GB 40 kwenye kompyuta ya GB 16. Ukubwa una maana: faili ikitosha ndani ya RAM, Windows itaisoma kutoka humohumo badala ya diski. Fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Irudie amri hiyohiyo. Faili haijaguswa, kwa hiyo mstari lazima uwe uleule herufi kwa herufi. Ya kijana yule ilitoa mstari mwingine. Tulipozima XMP, ikarudi kutoa mmoja.

Mistari ikifanana usishangilie bado, maana kosa linaweza kutokea mara moja kwa saa kadhaa. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo, iache usiku kucha. Toleo la bure linakupa mizunguko minne. Ikipita, rudi ndani ya Windows uendeshe programu nyingine za kupima, OCCT au TestMem5, kwa saa chache, kwa sababu humo prosesa nayo inakazwa na joto ndani ya kasha linakaribia la kazi yako halisi. Kosa linaloruhusiwa ni sifuri. Nimesikia watu wakisema kosa moja kwa usiku mzima si neno. Ni neno. Kosa moja kwa usiku ni faili iliyoharibika ndani ya mwezi, na hujui ni ipi.

Ukishaithibitisha, kwanza rudisha RAM kwenye kasi ya kawaida, halafu ndipo uendeshe DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na baada yake sfc /scannow ili kukarabati mfumo. Ukiyafanya haya RAM ikiwa bado inakosea, unakarabati kwa chombo kibovu. Nakala zako za zamani, zile za kabla ya kuwasha XMP, usiziandike juu na mpya mpaka umezilinganisha.

Asubuhi iko sawa, alasiri inakwama

Dalili hii ni ya kwetu kweli, na wanaoandikia watu wa nchi za baridi hawaipi uzito. Februari na Machi, kaskazi inapolegea, nje hapa ni zaidi ya nyuzi 30, na chini ya paa la mabati ni zaidi ya hapo. Pangaboi linakupoza wewe kwa sababu unatoka jasho. Kompyuta haitoki jasho. Pangaboi linaizungushia hewa ileile ya moto.

RAM hushikilia data kwa chaji ndogo zinazovuja, na zinavuja haraka zaidi kukiwa na joto, ndiyo sababu inabidi zijazwe upya kila mara. Kasi ya kawaida imeachiwa nafasi ya kutosha, hata nyuzi 85. Ukikaza taimingi, nafasi hiyo unaila wewe, na makosa yanaweza kuanza stiki ikiwa kwenye nyuzi 50 na kitu tu. DDR5 ina shida ya ziada: kirekebishi cha volteji kimehamishiwa kwenye stiki yenyewe, nacho kinatoa joto lake papo hapo.

Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta. Stiki za DDR5 zina kipimajoto, na baadhi ya DDR4 pia. Iendeshe OCCT saa nane mchana, wakati jua limekaza, si usiku, na uandike nyuzi kosa la kwanza linapotokea. Kisha fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ndogo juu ya stiki, urudie. Kosa likitoweka, umepata chanzo. Dawa ya kudumu ni feni ya mbele inayovuta hewa ndani, vumbi lililosafishwa kwenye vichujio, na kama uliigusa tREFI ili kupata kasi zaidi, irudishe ilivyokuwa. Kijinamba hicho ndicho cha kwanza kukusaliti joto likipanda, kwa sababu kinaongeza muda kati ya kujaza na kujaza. Mwanzoni mwa kusi mashine hiyohiyo inaweza kutulia bila kuguswa, kwa hiyo usipime Julai ukaridhika.

Stiki mbili zilikwenda vizuri, nimeongeza mbili zikakataa

Kidhibiti cha RAM kinabeba mzigo mzito zaidi kwa stiki nne, basi. Kwa Ryzen 7000, AMD wenyewe wanaahidi DDR5-5200 kwa stiki mbili, na 3600 tu kwa nne. Anayeweka nne na kutaka 6000 anaomba kitu ambacho hakuahidiwa. Uza hizo nne ununue mbili kubwa zilizotoka boksi moja.

Stiki za jina moja na namba moja, zilizonunuliwa miezi tofauti, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Zikichanganywa, weka kasi na taimingi za ile dhaifu, na usitegemee XMP ya nyingine.

Inakosea hata XMP ikiwa imezimwa

Hapo si kasi tena. Pima stiki moja moja, zote kwenye sloti ya A2. Moja ikikosea na nyingine ikapita, stiki ni mbovu. Zote zikikosea A2 na zikapita B2, ni sloti au pini za prosesa, na kwa Intel za karibuni pini ziko kwenye soketi ya bodi: mulika kwa tochi ya simu, pini moja iliyoinama inatosha.

Ikiwa ni stiki, piga picha skrini ya MemTest86 inayoonyesha makosa, pamoja na ukurasa wa BIOS unaoonyesha kasi ya kawaida, ili muuzaji asikuambie uliiunguza mwenyewe. Rudisha zote mbili pamoja na boksi lake, kwa sababu ziliuzwa kama jozi, na ukibadilishiwa moja utakuwa na stiki mbili zisizojuana.